Kidole kwenye Mukanda: Nani Atafundisha Watu Wazima Kusoma?



Tunajua namna gazeti linavyosomwa katika mitaa na katika kambi zetu. Karatasi moja inapita mikono kumi, na kando ya msomaji mmoja wanakaa wasikilizaji watano au sita: jirani wa lupango, mama mwenye kuuza bukari, mzee wa pansheni, kijana aliyetoka kuchimba na matope yangali miguuni. Wanasikiliza, kisha mmoja anasema, "Yaya, rudia pale." Maneno ya leo tunayaandika kwa ajili ya hao wanaosikiliza. Wewe unayewasomea kwa sauti, tunakuomba usiruke mstari.

Hao ndugu wana akili sawa na yako, na wengine wanakupita. Yuko mama sokoni anayehesabu kichwani faida ya magunia matano ya unga kabla wewe hujatoa kalamu mfukoni. Yuko mzee aliyefanya kazi miaka thelathini mbele ya tanuru, na kwa rangi ya moto peke yake alijua kama shaba iko tayari. Lakini siku mukanda unapowekwa mezani wanaambiwa, "Tia kidole hapa," nao wanatia. Mukanda unaondoka, wao wanabaki na wino kwenye kidole.

Je, ni wengi? Mwaka wa 2016 UNESCO ilihesabu kwamba katika kila watu wazima mia wa Kongo, kama 77 wanajua kusoma na kuandika. Kwa wanaume hesabu ilifika 88, kwa wanawake 66. Basi katika kila akina mama watatu, mmoja hajui. Na sisi tunafikiri hesabu hiyo ni ya upole. Mtu akiulizwa mlangoni mwake, mbele ya watoto wake, kama anajua kusoma, wangapi watajibu hapana? Tena kuna kusoma jina lako juu ya kadi, na kuna kusoma mkataba wa kurasa nane. Vyote viwili vinaitwa kusoma.

Tuangalie nyuma kidogo, maana jambo hili lina mizizi. Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906, na mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ulianza mwaka wa 1910 reli ilipofika kutoka kusini. Miaka ile ya kwanza Kompani ilitaka mikono tu. Watu waliletwa kwa mikataba ya miezi michache, kutoka Rhodesia ya Kaskazini, kutoka Lomami na Kasai, halafu kutoka Ruanda-Urundi. Mkataba uliandikwa kwa lugha ya mzungu, na mtu akaweka alama yake, akapewa namba, akaenda shimoni. Karibu na mwaka wa 1928 Kompani ikageuza shauri. Ikataka mfanyakazi akae miaka mitatu, alete mke wake, azae watoto kambini. Hapo shule zikaongezwa, zikatiwa mikononi mwa wamisionari. Watoto walifundishwa kusoma kidogo, kuhesabu kidogo, na kutii sana. Baba zao waliorudi mangaribi na jasho lao hawakuwa katika mpango huo, ila pale Kompani ilipohitaji kapita wa kusoma kipimo au karani wa kuandika majina. Akina mama walipata foyer social, ndiyo kushona, kupika, kuosha mtoto, na mara nyingine herufi kidogo. Hatukatai kwamba kulikuwa na faida. Lakini aliyetoa herufi ndiye aliyepima kiasi chake, na kiasi hicho kilipimwa kwa mahitaji ya kazi yake.

Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Elisabethville waligoma kwa sababu ya mshahara. Tarehe 9 walikusanyika katika uwanja wa mpira, askari wakawapiga risasi. Alikufa Léonard Mpoyi, msemaji wao, na wenzake wengi pamoja naye. Wakati ule Mwafrika hakuwa na ruhusa ya kuwa na sendika. Sheria ya kumruhusu ilikuja mwaka wa 1946, tena chini ya jicho la serikali. Kwa hiyo madai ya wale wagomaji yalibaki zaidi katika vinywa vya watu, na karatasi zilibaki katika biro za waliowapiga. Hata leo watoto wa mji huu wakitaka kujua babu zao walidai nini, inawabidi waombe karatasi za upande mwingine.

Tofauti yake ni hii. Mwaka wa 1965, katika mji huohuo, chama cha watu waliokuwa maboyi katika nyumba za wazungu kilitoa kitabu chembamba, kimepigwa kwa makina na kurudufiwa. Kinaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville, na mwandishi wake ni André Yav. Kinaeleza kwa Kiswahili cha mji mambo yaliyopita tangu mfalme Léopold II, kama yalivyoonekana na mtu anayesimama jikoni na kwenye baraza akisubiri kuitwa. Wenyewe hawakungoja mwalimu awaonyeshe neno moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Waliandika kama walivyosema. Mwaka wa 1990 profesa Johannes Fabian alikitoa upya pamoja na tafsiri, na sasa wasomi wa Ulaya na Marekani wanakifungua ili kujua Lubumbashi ilikuwa mji wa namna gani. Chama cha maboyi, ndugu! Hakikuwa na biro kubwa wala fedha ya serikali. Kilikuwa na watu waliokubaliana kwamba habari zao zisipotee.

Sasa tufike karibu. Mwaka wa 1967 serikali ilitwaa Union Minière, na baadaye tukaijua kwa jina la Gécamines. Katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka wa 1990 mgodi wa Kamoto ulianguka, na mwaka wa 1994 shaba ya Gécamines ilikuwa karibu tani 30,000 tu. Kompani ilipoanguka, shule zake zilianguka nayo. Katika miaka hiyohiyo walimu wa serikali walikaa bila mshahara, na ikawa desturi mzazi kumlipa mwalimu kutoka mfukoni mwake. Mzazi ambaye mshahara wake mwenyewe haukuja atalipa nini? Akachagua mtoto mmoja wa kusoma, na mara nyingi akachagua wa kiume. Wengine walikwenda sokoni, wengine walikwenda kuokota mawe. Shule ya msingi ya bure ilirudi mwaka wa 2019, na hilo ni jema. Lakini mtoto aliyekuwa na miaka saba mwaka wa 1993 amekaribia miaka arobaini, ana watoto wake, na hakuna atakayemrudisha kwenye benchi la asubuhi pamoja na mwanawe.

Mnakumbuka mwaka wa 2003. Wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wa Gécamines waliondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, mpango uliosaidiwa na Banki ya Dunia. Wengi walikuwa wanadai mshahara wa miezi mingi sana. Walipewa fedha kwa mara moja, wakaweka sahihi. Baadaye malalamiko yakaanza: kwamba hesabu haikuwa sawa, kwamba miaka ya kazi haikuhesabiwa yote. Hatutaki kusema hapa nani alikuwa na haki katika kila hesabu. Lakini tunauliza, katika hao maelfu waliotia sahihi, ni wangapi walioweza kukaa na ile karatasi nyumbani usiku mmoja, na kalamu na daftari, na kuipima mstari kwa mstari?

Tusidhani mambo hayo yamekwisha. Mikanda ya leo ni mingi kuliko ya zamani. Mfanyakazi wa mgodi anapewa kila mwezi karatasi ya mshahara. Humo ndani mna mshahara wa msingi, saa za ziada, kodi, na fedha ya CNSS, ambayo ndiyo akiba ya uzee wake. Kwa CNSS mfanyakazi anakatwa 5 kwa mia, na mwajiri anaongeza 13. Wengi wetu tunaangalia namba ya chini kabisa, ile ya kupokea, tunakunja karatasi, basi. Kama saa kumi za ziada hazikuandikwa, nani ataona? Na tangu kazi nyingi za migodi zilipopewa kompani ndogo za kuazimisha watu, mtu anaweza kubadilishiwa mwajiri akiwa mahali palepale, na koti lilelile, kwa karatasi moja aliyotia sahihi bila kuisoma.

Wachimbaji wa mikono nao wana mikanda yao, hata kama wanafikiri hawana. Kwenye maghala ya wanunuzi kando ya Kolwezi, bei ya gunia haitegemei uzito peke yake. Inategemea kipimo cha makina inayoonyesha kobalti au shaba ni ngapi kwa mia. Makina inasema 3, mnunuzi anasema 2, na mchimbaji ambaye hajafundishwa maana ya "kwa mia" haoni kwamba theluthi ya kobalti yake imetoweka kati ya kioo cha makina na mdomo wa mtu. Anasikia tu ya kuwa bei imeshuka. Wanalalamika miaka mingi kwamba makina zinachezewa. Yawezekana. Lakini tunawaambia wazi, makina ya uaminifu pia inamwibia mtu asiyejua kuisoma.

Mukanda mkubwa kuliko yote uko vijijini na katika mitaa iliyo jirani na migodi. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka wa 2018 inalazimisha kila kompani ya kuchimba kupatana na wenyeji juu ya kazi za maendeleo, na mapatano hayo yanaandikwa katika kitabu kinachoitwa cahier des charges: visima vingapi, shule gani, barabara ipi, mwaka gani. Tena sheria hiyohiyo inaamuru kompani itoe kwa ajili ya maendeleo ya wenyeji fedha isiyopungua 0.3 kwa mia ya mauzo yake ya mwaka. Na katika kodi ya madini, 15 kwa mia ni ya serikali ya mahali, ndiyo komini, sekta au shefferi ambako mgodi uko. 25 ni ya jimbo, 50 ya serikali kuu, na 10 ni akiba ya vizazi vinavyokuja. Hizi ni fedha nyingi, ndugu. Wajumbe wa wenyeji wanakaa mezani na watu wa kompani ambao wana wanasheria. Mara nyingi kitabu kimeandikwa kwa Kifaransa. Mjumbe aliyechaguliwa kwa heshima ya umri wake anasikiliza maelezo mafupi, anaona picha ya shule yenye bati jipya, anatia kidole. Miaka mitano baadaye kijiji kinauliza, mbona kisima hakikuja? Wanaonyeshwa ukurasa ambao kisima hakimo.

Hata simu ina mukanda ndani yake. Siku hizi fedha zinatumwa kwa simu, na mama asiyejua kusoma anamtajia mwenye kibanda namba yake ya siri ili amtolee fedha. Mwenye kibanda anaweza kuwa mtu mwema. Lakini nani kati yetu angempa jirani mwema ufunguo wa sanduku lake kila wiki?

Kuna wanaosema: hii ni kazi ya serikali. Ni kweli. Katiba ya mwaka wa 2006, kifungu cha 44, inasema kwamba kuondoa ujinga wa kutojua kusoma ni wajibu wa taifa, na kwamba serikali itatengeneza mpango wake maalum. Kifungu hicho tukishike, tukitaje katika kila mkutano na mkubwa. Lakini tangu 2006 nani amewafundisha watu wazima katika mitaa yetu? Ukizunguka utakuta ni parokia na makanisa mengine, ni vyama vya akina mama, ni vikundi vya watu wa kabila moja au kijiji kimoja, ni koperative, ni watu wa mtaa waliokubaliana na mkubwa wa shule wapewe kalasi moja saa za jioni. Mwalimu ni mama mmoja aliyemaliza sekondari na hana kazi, au mzee wa pansheni aliyekuwa karani. Analipwa sabuni, au franka kidogo zinazochangwa, au asante. Ubao umepasuka. Chaki inavunjwa vipande vitatu ili ifike mwisho wa mwezi. Hapo ndipo kazi ya kifungu cha 44 inafanyika.

Wengine wameanza kutoka kwenye likelemba, na njia hiyo inatupendeza. Akina mama kumi na wawili wanachangiana kila juma, mmoja anapokea. Mwenye kujua kuandika anashika daftari, na kwa sababu ni yeye peke yake anayejua, maneno hayakosi: nani alitoa, nani bado. Kisha wanakubaliana kwamba kila mmoja ajifunze kusoma jina lake na la mwenzake, na namba iliyo mbele ya jina. Somo la kwanza ni majina kumi na mawili. La pili ni namba. Katika miezi michache kila mama anaweza kuangalia daftari na macho yake mwenyewe, na ugomvi unapungua, hata yule mshika daftari anafurahi kwa sababu hashukiwi tena. Hakuna aliyewaambia kwamba wako shuleni. Walikuwa wanalinda fedha zao.

Mtu mzima anajifunza haraka pale somo linapogusa kitu alichonacho tayari mkononi. Umpe kitabu cha watoto chenye picha ya mpira na paka, atakuja mara mbili, ya tatu hutamwona, na usimlaumu. Umpe karatasi ya mshahara wake, atakaa mpaka taa izimike. Ndugu zetu wa Tanzania waliona jambo hilo. Katika mradi ulioanza Mwanza mwaka wa 1968 pamoja na UNESCO, mkulima wa pamba alisoma habari za pamba na mvuvi habari za uvuvi. Mwaka wa 1967 kama theluthi mbili za watu wazima wa inchi ile hawakujua kusoma. Mwaka wa 1986 serikali yao ilihesabu kwamba waliobaki ni kama mmoja katika kila kumi. Walikuwa na serikali iliyosukuma kwa nguvu na chama kilichofika kila kijiji, na walitumia Kiswahili tangu mwanzo. Ni haki kusema pia kwamba baadaye, fedha zilipopungua, madarasa mengi yalilala, na wengine walisahau, kwa sababu kusoma bila kitu cha kusoma kunakauka. Ndiyo maana tunawaambia wakubwa wa vyama: mukimaliza kumfundisha mtu, mumpe nini cha kusoma kila juma? Gazeti? Barua za chama? Tangazo la bei za madini ubaoni? Jambo hili lifikiriwe kabla ya somo la kwanza.

Juu ya lugha kuna ubishi katika mitaa, nasi tutasema mawazo yetu. Wako wanafunzi wazima wanaokataa kufundishwa kwa Kiswahili. Wanasema, "Kiswahili ninakijua, nataka Kifaransa, ndicho cha biro." Wana sababu, maana mikanda yote tuliyoitaja ni ya Kifaransa. Lakini herufi zinaingia kwa mlango wa lugha unayoisema. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosikika: mu-ka-nda, ka-zi, mi-za-ni. Mtu mwenye bidii, akipata masomo mara tatu kwa juma, ataweza kusoma sentensi za Kiswahili katika miezi michache. Kifaransa kinaandika herufi nyingi ambazo mdomo hauzitamki, na mtu mzima anayeanza nacho anafikiri kwamba ni yeye mpumbavu. Aanze na Kiswahili. Akishika kusoma, aongezewe maneno ya Kifaransa yaliyo kwenye karatasi yake, kama ishirini hivi kwanza, yale ya mshahara na ya mkataba. Na mikataba yenyewe? Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Katiba. Kijiji kina haki ya kusema: hatutii sahihi mpaka tumesomewa na kuachiwa nakala kwa Kiswahili, tukakaa nayo siku kumi na tano.

Haifai kudanganya kwamba kazi hii ni nyepesi. Madarasa mengi yanafunguliwa na watu arobaini na kufungwa na watu tisa. Mfanyakazi wa zamu anakuja juma moja na kukosa juma linalofuata, kwa sababu zamu yake imekuwa ya usiku. Mwalimu akienda mbele, huyu akirudi anajikuta mgeni. Dawa yake ni vikundi viwili vyenye somo moja, asubuhi na jioni, ili mtu wa zamu ahamie upande wa pili bila kupoteza ukurasa. Mama anakuja na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, na mtoto akilia mama anaona haya, anaondoka. Basi watafutwe wasichana wawili wa kuchunga watoto uani wakati wa somo. Umeme unakatika, sisi tunaotoa shaba ya nyaya za dunia nzima tunasomea mshumaa. Wanaume wengine wanamkataza mke asiende, wakisema atajifunza kusoma ujumbe wa simu yao. Mume wa namna hiyo ametueleza mengi juu ya simu yake, tumwache.

Na haya. Mzee aliyeheshimiwa kambini, aliyekuwa kapita, hataki aonekane akiandika "ma, me, mi" mbele ya kijana wa miaka ishirini. Mwalimu mwenye busara hamwiti mbele ya ubao. Anamwita "baba," anamwuliza kwanza habari za kazi yake, anaandika ubaoni maneno ambayo mzee mwenyewe ameyasema, kisha wanayasoma pamoja. Mwalimu kijana anayewasema wakubwa kama watoto wa shule, aondolewe mara moja hata kama ana diploma tatu. Tumesikia wazee wakisema kwamba hawataki kufa bila kusoma Injili wenyewe, na wengine kwamba wanataka kusoma barua ya mtoto aliye mbali bila kumpa jirani siri ya nyumba. Sababu hizo ni nzuri kama ile ya mshahara.

Sasa fedha. Vyama vyetu vimezoea kuomba kwa upole, kama wanaoomba chumvi. Ile 0.3 kwa mia ya mauzo si sadaka ya kompani, ni amri ya sheria, na ni kwa ajili ya maendeleo ya wenyeji. Mpaka sasa wajumbe wanapenda kuomba majengo, kwa sababu jengo linaonekana na mkubwa anaweza kukata utepe. Tunawaomba wajumbe wa wenyeji katika Haut-Katanga na Lualaba, watakapokaa tena mezani, waandikishe pia kitu kisicho na bati: mshahara mdogo wa walimu wa jioni, taa za jua, mbao, daftari na kalamu, kwa miaka yote ya mpango. Gharama yake ni ndogo kando ya shule moja mpya. Kama kompani itapendelea majengo na kusita mbele ya walimu wa jioni, wajumbe waulize sababu, jibu liandikwe katika taarifa ya mkutano, na taarifa isomwe kwa sauti kijijini.

Sendika nazo zina deni hapa. Kila mwaka zinachukua mchango wa wanachama wao. Mwanachama asiyejua kusoma karatasi yake ya mshahara anamwachia mjumbe wa sendika kila kitu, na mjumbe mvivu anapenda hivyo. Sendika inayotaka kuaminiwa ifungue somo moja kwa juma, karibu na mlango wa mgodi, saa zamu zinapobadilishana, juu ya karatasi hiyo peke yake. Nusu saa inatosha. Koperative za wachimbaji zifanye vilevile juu ya mizani na "kwa mia," na somo lifanyike gunia likiwa pale pale.

Na wewe uliyekuwa unasoma kwa sauti tangu mwanzo, hatukusahau. Walio karibu nawe sasa, wawili au watatu, ndio darasa. Jioni mbili kwa juma, saa moja kila jioni. Usingoje kitabu, daftari la likelemba, risiti ya mnunuzi, karatasi ya mshahara vinatosha kwa miezi mitatu ya kwanza. Mkifika watu kumi, mwende pamoja kwa mkubwa wa shule iliyo jirani mukamwombe kalasi baada ya watoto kutoka. Tarehe 8 Septemba ni siku ambayo dunia nzima inakumbuka kazi ya kufundisha kusoma, na wakubwa siku hiyo wanapenda kutoa hotuba. Mwende wiki moja kabla yake, wakati mkubwa wa shule anatafuta la kusema. Mukubaliane naye kabisa nani atashika ufunguo, nani atafagia, na nani atalipa kioo kikivunjika, maana madarasa mengi ya watu wazima yamekufa kwa ajili ya ufunguo.